Mikate Ishirini ya Mama Saadia

Saadia aliponipigia simu kuniambia kwamba mama yake amefariki, nilikuwa nimeinama ndani ya friza yangu hapa Nabuyonga, Mbale, kichwa na mabega yote, natafuta mkate. Kama ningeambiwa nijichagulie mahali pa kupokelea habari ile, sidhani ningepata panapofaa zaidi. Nilisimama pale na simu sikioni, mkono wa pili umeshika mkate mgumu kama tofali, baridi inanipanda mpaka kwenye kiwiko, na Saadia akasema, "Dada Khainza, umenisikia?" Nikamwambia nimesikia. Nilirudisha mkate, nikafunga mfuniko, nikaketi juu yake. Mkwe wangu alinikuta hapo baadaye, akadhani friza imeharibika na mimi nalia kwa ajili ya nyama.

Nilifika Jinja wameshazika, maana wenzetu Waislamu hawamcheleweshi maiti. Walinikaribisha chumbani kwake, kwenye mikeka, katikati ya wanawake wa Kinubi waliojifunika kanga, na mjukuu wake mmoja akatuletea chai na mkate. Naam, mkate wenyewe ulikuwa ule ule wa chachu aliokuwa akioka marehemu, lakini yule binti alikuwa ameutoa kwenye friza, akaukata ukiwa bado jiwe, akaupanga kwenye sinia bila kuufunika, akauacha juani uyeyuke. Juu ulikuwa umekauka, katikati una maji ya barafu. Niliula wote. Msibani si mahali pa kumfundisha mtoto wa watu kazi ya jikoni, na huzuni ina njaa yake. Lakini Saadia alikuwa ameketi karibu nami, akanigusa kwa goti, akaninong'oneza, "Mama angeona hii, angefufuka." Tukajifunika kanga usoni tukacheka, na waliotuona walidhani tunalia, na kweli machozi yalikuwepo. Baadaye wanawake wakaniomba niwaeleze alivyokuwa akifanya, kwa sababu mimi ndiye niliyeishi naye mwaka mzima. Nikawaeleza yote ya mkate, hatua kwa hatua. Jambo moja sikuwaeleza. Nimelibeba zaidi ya miaka thelathini, na kwa kuwa mtu pekee niliyepaswa kumwonea haya ameshatangulia, naliandika hapa.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilikuwa nimetumwa Jinja kujifunza kupiga taipu. Baba yangu na marehemu mume wa Mama Saadia walikuwa wamevaa sare moja ya magereza, na hilo peke yake lilitosha kunipatia kitanda kwenye nyumba yake mtaani Walukuba. Ilikuwa nyumba ya vyumba viwili na sebule, na sebuleni ndimo ilimokaa friza. Jiko lilikuwa nje, kibanda cha mabati, na Mama Saadia hakuona kwamba kitu cha thamani kama kile kinaweza kulala kwenye mabati. Basi aliiweka kando ya kochi, akaivalisha kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, na wageni walipokuja waliweka vikombe vyao juu yake. Ilikuwa na mngurumo wake. Iliponguruma sana, watu walipandisha sauti kidogo, ikinyamaza nao wakashusha, na hakuna aliyeona ajabu. Ndani yake kulikuwa na ubao uliogawa nchi mbili. Upande wa kushoto, barafu. Aliwauzia wanawake wa Masese waliochuuza samaki, na walikuja asubuhi na ndoo zao, wakakaa uani kwa muda mrefu kuliko walivyohitaji, wakisemana. Mimi nilijifunza mambo mengi ya ndoa nikiwa nachana nywele nyuma ya dirisha la uani. Upande wa kulia, mkate. Mwanamke wa Masese aliyethubutu kuomba amwekee sangara wake upande wa mkate, hata kwa saa moja, alijibiwa kwa upole kwamba urafiki wao umefika mwisho.

Mkate wenyewe haukuwa ule mweupe wa dukani unaobonyea ukiushika. Ulikuwa mkate wa chachu, mzito, wenye ganda gumu la rangi ya udongo na ndani yenye matundu na uchachu mtamu kidogo. Mama Saadia alikuwa amewapikia Wazungu fulani, mtu na mkewe, kwa miaka kadhaa, na walipoondoka Jinja walimwachia sahani sita, feni moja na chupa ya jamu iliyojaa chachu hai. Feni iliharibika. Sahani zilivunjika, akabaki na mbili. Chachu aliilisha unga wa ngano na maji kila baada ya siku mbili, akaifunika kwa kitambaa, na mtu akiuliza habari zake alisema neno moja tu, "Amana." Alilisema kwa namna ambayo hata mimi, mtu wa kanisani, nilishusha sauti nilipopita karibu na ile chupa. Jirani yetu, Mama Opolot, mke wa afande mmoja wa magereza, Mteso mwenye kicheko cha kuamsha mtaa, hakuwa na heshima hiyo. Yeye alipika malwa, pombe ya ulezi, na mitungi yake ilichachuka upande wa pili wa ua, hatua kumi tu kutoka kwenye chupa yetu.

"Mama Saadia," angeita, "mkate yako leo inanuka kama malwa yangu."

"Yangu inashibisha," Mama Saadia alijibu bila kugeuka. "Yako inalalisha wazee kwa mtaro."

Walipendana sana wale. Kila Krismasi Mama Saadia alimpelekea mkate, na kila Idi Mama Opolot alileta kuku mzima, hai, ili achinjwe na mkono unaofaa.

Sasa niseme habari ya friza, maana ndiyo iliyoniponza. Mama Saadia hakuoka kila siku. Tanuri lake lilikuwa pipa la mafuta lililokatwa na kulazwa, lilikula mkaa mwingi, kwa hiyo alioka mikate mingi kwa siku moja na kuigandisha. Na kuigandisha kulikuwa na sheria. Mkate ulipotoka tanurini, haukuguswa mpaka kesho yake. Siku ya kwanza kabisa niliuchukua ukiwa na uvuguvugu nikataka kuuingiza, akauondoa mkononi mwangu. "Hii iko na moto bado," alisema. "Ukiweka kwa friza itatoka jasho. Jasho itakuwa barafu. Halafu siku ya kula utakula nini? Utakula maji." Ulipopoa hadi moyoni, ulivikwa kitambaa safi, kisha ukatiwa kwenye mfuko wa nailoni, kavera kama tunavyouita huku, na hewa ikafinywa yote kabla ya kufunga fundo. Mingine aliikata vipande kwanza, ya chai ya haraka: hiyo ilitoka kwenye friza ikaenda moja kwa moja kwenye kikaango kikavu, bila kusubiri. Ile mizima ndiyo iliyokuwa na adabu zake. Uliutoa adhuhuri kama unataka kuula jioni. Uliuweka mezani ndani ya kavera yake, na hukuufungua, hata kama wageni wamefika, hata kama njaa inakuuma. Kavera ingeingia ukungu, matone yangeonekana, na mtu asiyejua angeharakisha kuufungua autoe unyevu. "Acha," alikuwa akisema. "Hiyo maji imetoka kwa mkate. Ni yake. Acha irudi." Na kweli ilirudi. Alasiri ukiubonyeza kwa kidole unajua kama moyo wake umelegea. Hapo ndipo ulipoutoa, ukaunyunyizia maji kidogo juu ya ganda, ukauingiza tanurini dakika chache, na ukitoka ganda lake lilikuwa linalia kana kwamba umezaliwa asubuhi ile. Nimekula vyakula vingi katika maisha yangu, vingine kwenye hoteli zenye watu wa kukuvutia kiti, na bado sijaona muujiza unaoushinda ule. Kitu kilichokuwa jiwe saa sita kinapakwa siagi saa kumi na mbili. Mkwe wangu anatumia maikrowevu. Nampenda, ni mama wa wajukuu zangu, kwa hiyo nanyamaza.

"Friza haiponyi, na haiui," Mama Saadia alipenda kusema. "Inasimamisha tu." Mimi nililishika neno hilo kama nilivyoshika mengine yote yaliyotoka kinywani mwake, na sikujua kwamba lilikuwa la mkate peke yake.

Ilikuwa kama miezi miwili kabla ya Ramadhani. Saadia, aliyekuwa ameolewa Nakaloke, alijifungua mtoto wake wa kwanza, na mama yake akaenda kumwangalia kwa wiki tatu. Aliniachia funguo, wateja wa barafu, na ile chupa. Kwa habari ya barafu alinipa maneno mengi. Kwa habari ya chupa alisema tu, "Khainza, hii nimekuachia wewe." Wiki ya kwanza niliilisha vizuri. Wiki ya pili mitihani yetu ya taipu ikakaribia, nikawa narudi jioni vidole vimekufa ganzi, na siku moja nikasahau, kisha nikasahau tena, na chachu ikatoa maji meusi juu na harufu kali. Niliogopa. Nikailisha haraka, nyingi mno, ikajaa mpaka shingoni mwa chupa, na ndipo nikapata ile akili yangu. Nikajiambia, mkate unaingia kwenye friza na unatoka mzima. Friza haiui. Nitaisimamisha chachu mpaka mitihani iishe, nitaitoa, nitaisubiri irudi, kama mkate. Nikaifunga mfuniko imara, nikaiweka upande wa kulia, nikaenda kulala na furaha ya mtu aliyetatua jambo.

Siku ya tatu nilifungua friza kutoa barafu nikaona chupa imepasuka kuanzia kitakoni hadi mdomoni. Chachu ilikuwa imefura ikaganda, na vigae vya kioo vimekwama ndani yake kila mahali, vingine vidogo kama chumvi. Niliiweka mezani iyeyuke, nikakaa kuitazama, nikajaribu kuichuja, nikajikata kidole, nikaona damu yangu imeingia pia, na hapo nikajua kwamba imekwisha. Amana ya watu niliimwaga kwenye shimo la taka, nikaifunika majivu. Ningetoka hapo nikaandika barua kwenda Nakaloke, au ningemsubiri arudi nimwambie, mambo yangekuwa mepesi. Lakini nilikuwa nimeaminishwa, na zaidi nilikuwa nimejiaminisha, kwamba kitu kile hakina mwenzake nchi nzima, kwamba wenye nacho wamepanda ndege, na kwamba mimi ndiye niliyekiua. Siku mbili sikula vizuri. Siku ya tatu upepo ukaleta harufu ya malwa kutoka kwa Mama Opolot, nikakumbuka utani wao.

Nilimwomba machicha kidogo ya malwa. Nikamwambia ni ya kuku. Hatukuwa na kuku, na Mama Opolot alijua hatuna kuku, lakini alikuwa mwanamke mkarimu asiyemhoji mtu. Nikayachuja kwa kitambaa mara tatu kutoa zile punje za ulezi, nikayachanganya na unga wa ngano na maji, nikayatia kwenye chupa nyingine ya jamu inayofanana. Kesho yake yalikuwa yanachemka povu. Nikaondoa sehemu kubwa, nikalisha tena, na tena, na Mama Saadia aliporudi na habari zote za mjukuu wake alinusa ile chupa, akanitazama, akasema, "Umeitunza." Nikamjibu, "Ndiyo, Mama." Neno lile "ndiyo" ninalikumbuka mahali lilipotokea kinywani.

Mtu ambaye hajaishi na Waislamu anaweza kuona nakuza jambo dogo. Mama Saadia hakuwa mtu wa maneno mengi ya dini, lakini pombe hakuigusa, hata chombo kilichowekewa pombe hakukitumia, hata baada ya kukisugua. Kuku wa Mama Opolot alimpokea, lakini sahani yoyote iliyotoka jikoni kwake aliirudisha saa ile ile. Na mimi nilikuwa nimeitia pombe ndani ya kitu ambacho angekula akifungua saumu. Nilijua hivyo tangu mwanzo. Nilijidanganya kwamba nimekwisha kuilisha unga mwingi, kwamba iliyobaki haifiki tone, na hoja hiyo ilikuwa nzuri mchana, nikiwa darasani, lakini mbele ya uso wake haikusimama.

Mwezi wa Shaabani akaanza kuoka akiba ya Ramadhani. Kila mwaka alifanya hivyo, ili mwezi wenyewe umkute na mikate tayari, asishinde mbele ya pipa la moto na koo kavu. Mkate wa kwanza wa chachu yangu ulipopoa, aliukata, akakaa kwenye kochi kando ya friza, akasema bismillahi, akauma. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nimeshika beseni. Alitafuna polepole akiangalia dari. Kisha akasema, "Huu ni mzuri kuliko yangu yote. Mkono yako imekubali, Khainza." Na kwa bahati mbaya ilikuwa kweli. Mkate ulikuwa umefura kuliko zamani, ganda linavunjika vizuri, ladha imeingia ndani. Wanawake wa Masese waliuonja wakasifu. Akaoka mikate ishirini kwa siku mbili, nikamsaidia kuivika vitambaa na kufinya hewa, na yote ishirini ikalala upande wa kulia, ikawa migumu, ikasubiri. Tangu siku hiyo friza iliponguruma mimi sikupandisha sauti tena.

Kisha umeme ukakatika. Tulikaa jirani na bwawa linalowasha nusu ya nchi, na bado umeme ulikatika ulivyopenda. Siku ya kwanza Mama Saadia aliivika friza mablanketi mawili na zulia la sala la zamani, akakataza mtu kuifungua, akawaambia wanawake wa barafu waende kwingine. Siku ya pili nilianza kuomba, na naona haya kusema niliomba nini. Niliomba umeme usirudi. Mkate ukiyeyuka bila kupangwa haugandishwi tena. Hiyo ilikuwa sheria yake nyingine, kwa sababu ukirudishwa mara ya pili unakuwa makapi. Ningepona bila kusema neno. Alipokwenda msikitini adhuhuri nilitoa mablanketi, nikainua mfuniko, nikauacha wazi. Nilisimama pale nikiusikia ubaridi ukinipitia miguuni na kutoka mlangoni. Alikuwa amesahau miwani yake, akarudi.

"Unatafuta nini?" aliuliza.

"Barafu, Mama. Kichwa kinauma."

Alikuja akanigusa paji la uso. Akafunga friza, akaivika tena, akanilaza, akaloweka kitambaa akaniwekea kichwani, na akakosa sala ya jamaa siku ile kwa ajili ya kichwa ambacho hakikuuma. Umeme ulirudi jioni. Mikate ilikuwa bado jiwe.

Mwezi ukaandama. Siku ya kwanza ya Ramadhani, baada ya adhuhuri, Mama Saadia alitoa mkate mmoja, akauweka mezani ndani ya kavera yake, akaenda kujinyoosha. Mimi niliketi upande wa pili wa meza. Sikwenda darasani. Nilikuwa nimejiambia nitasema kabla ukungu haujaingia kwenye kavera, ukungu ukaingia. Nikasema basi kabla ya matone, na matone yakaja, yakatelemka, yakaanza kurudi ndani ya mkate kama alivyofundisha. Alasiri aliamka, akasali, akaja akaubonyeza kwa kidole. "Bado kidogo," alisema, akaenda kuwasha mkaa. Niliwasikia watoto wa jirani wakichezea mpira ukutani. Alirudi na bakuli la maji, akafungua fundo, akachovya vidole, na alipoinua mkono kuunyunyizia mkate nikaushika.

Nilisema yote kwa mfululizo, chupa, friza, kioo, shimo la taka, kuku ambao hatuna, machicha, hata mfuniko nilioufungua na kichwa ambacho hakikuuma. Aliniacha niseme mpaka mwisho. Maji yalikuwa yanamtiririka kwenye kiganja mpaka kwenye mkono wa gauni. Nilitazamia aseme juu ya pombe. Hakusema juu ya pombe.

"Ule wa kwanza," alisema. "Wenye nilikula hapa kwa kochi. Nilisema bismillahi, na wewe ulikuwa umesimama hapo unaniangalia."

"Ndiyo, Mama."

"Uliniangalia mpaka nikameza."

Alifunga tena lile fundo. Jioni ile alifungua kwa tende, maji na muhogo wa kuchemsha, na mimi nilikula muhogo pia, mbali kidogo naye, na friza ikanguruma peke yake. Nilipanga nguo zangu kwenye mkoba. Aliuona mkoba mlangoni asubuhi, akaurudisha chumbani kwa mguu, akaniambia nimsaidie kubeba. Tukaitoa mikate yote, tukaipeleka uani. "Mama Opolot," aliita, "kuja uchukue mkate yako." Mama Opolot alikuja akifuta mikono, akahesabu kwa macho, akauliza kama kuna mtu amekufa. Alijibiwa kwamba hakuna, ni zawadi, na atoe adhuhuri, asifungue kavera kabla ya alasiri. Kwa wiki nzima nyumba za maafande wa magereza zilikula mkate wa chachu na chai, na Mama Opolot akarudi kuuliza siri, maana huu wa safari hii, alisema, ulikuwa unamkumbusha kwao. Mama Saadia aliniangalia, na kwa mara ya kwanza tangu nilipomwambia nikaona kona ya mdomo imecheza.

Nilimwuliza kama ataenda kumwuliza shehe. Nilitumaini shehe angesema kwamba jambo lenyewe si kubwa, kwamba tanuri limekwisha kuichoma ile pombe. Pengine angesema hivyo, sijui elimu yao. "Siendi," alijibu. "Nikienda ataniuliza nani amefanya." Akaendelea kuchambua mchele.

Nikaanza kulia hapo, nikamwambia kwamba mikate haikuwa kitu, kwamba nilichoua ni amana ya watu, na haipatikani tena. Akaweka ungo chini.

"Nani amekuambia haipatikani?"

"Wazungu wameondoka, Mama."

"Khainza. Mama yangu alikuwa anachachusha unga ya kisira, mkate yetu Wanubi, kila wiki, kwa mtungi, kabla sijaona Mzungu mmoja. Unga na maji. Unaweka, unangoja, unalisha. Siku saba." Alinitazama, na huruma iliyokuwa usoni mwake ilinichoma kuliko hasira. "Ningetengeneza ingine kwa siku saba. Wewe ungesema tu."

Tuliianza siku hiyo hiyo, katika chupa mpya, unga na maji. Siku ya tatu ilinuka vibaya, nikakata tamaa, akaniambia ningoje. Siku ya nane ikapanda. Siku ya kumi ya mfungo tulioka mikate minne, kesho yake tukaigandisha, na siku iliyofuata mmoja tukauyeyusha kwa adabu zote, adhuhuri mpaka magharibi. Adhana iliposikika alimeza tende na maji, akachukua kipande, akakileta mdomoni, kisha mkono ukasimama. Akaniangalia.

"Niseme?" aliuliza.

Nilielewa mara moja. "Sema, Mama."

Akasema bismillahi, akala. Kesho yake ikawa vile vile, na keshokutwa, na kila jioni mpaka Idi. Mara ya kwanza haikuwa utani hata kidogo, nataka hilo lieleweke. Alikuwa anauliza kweli, na alikuwa na haki ya kuuliza. Mwaka wangu ukaisha, nikarudi Mbale na cheti changu, nikapata kazi, nikaolewa, na kila nilipokwenda kumtembelea nikampikia chochote, hata uji, mkono wake ulisimama njiani, macho yake yakanigeukia. Niseme? Sema, Mama. Wageni walidhani ni mazoea ya Kinubi. Saadia mpaka leo anadhani mama yake alikuwa ananiheshimu kwa sababu nimesoma. Mimi kila mara niliona kana kwamba ndiyo kwanza nashikwa, na kila mara nilifurahi kwamba bado ananiuliza, kwa sababu mtu akikukatia tamaa hakuulizi kitu.

Nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza alikuja hapa Nabuyonga kuniangalia, kama alivyokwenda Nakaloke miaka ile. Alifika amechoka, miguu imevimba. Nilikuwa nimetoa mkate kwenye friza adhuhuri, nikaupasha alasiri, nikamkatia kipande chenye ganda, nikakiweka kwenye kisahani mbele yake, na mwenyewe nikasimama, nikingoja swali lake la kila mara. Alikuwa amempakata mtoto kwa mkono wa kushoto, anamsemesha, anamwambia ana pua ya babu yake. Akanyoosha mkono wa kulia bila kutazama, akachukua kile kipande, akasema bismillahi, akauma, akaendelea kumsemesha mtoto. Nilisubiri nikidhani amesahau na atakumbuka. Hakukumbuka. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya jiko, nikalia mpaka nikaishiwa. Niliporudi ndani, kisahani kilikuwa kitupu, naye ananiuliza kama kuna kipande kingine.